Vinanda vya Umeme vya Zamani Katika Studio ya Nyumbani

Katika somo lililopita tuliipanga studio ndogo ya nyumbani: maikrofoni, kompyuta na kinanda kimoja. Leo twaongeza. Baadhi yenu mwataka sinthesaiza za zamani, zile zitoazo noti nyingi kwa pamoja, nami nataka mjue mnanunua kitu gani kabla fedha hazijatoka mfukoni, maana bei zake zimepanda sana.

Sinthesaiza ni kinanda cha umeme. Zile za zamani hazipigi sauti iliyorekodiwa. Hutengeneza mlio wake zenyewe. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Weka vidole vitatu, utasikia noti moja. Ili zisikike tano pamoja, yalazimu kufungia ndani ya sanduku vinanda vitano kamili, kila kimoja na vitoa mlio vyake, chujio lake na kikuza sauti chake. Ndivyo alivyofanya Dave Smith huko California alipounda Prophet-5 mwaka 1978, akatia na kompyuta ndogo ya kugawa vidole vya mpigaji kwa sauti hizo tano. CS-80 ya Yamaha ilikuwa na sauti nane, nayo ni nzito sana. Ukiitaka hiyo, tafuta kwanza wabebaji.

Uzuri wa Prophet-5 waanzia hapo. Sauti zake hazilingani sawasawa: hii i juu kidogo, ile i chini kidogo, kama waimbaji watano wa kwaya.

Na hasara ya mitambo hii yaanzia hapo hapo. Anayenunua Juno-106 ya Roland, ya mwaka 1984, amenunua vinanda sita vizee, na kila kimoja chaweza kufa peke yake. Chipu zake za sauti zimefunikwa kwa gundi ngumu, nazo huharibika kadiri miaka ipitavyo. Jaribu hivi: bonyeza noti moja uishikilie, ongeza ya pili, ya tatu, hata ya sita. Kila kidole kilete noti mpya iliyo safi. Kimoja kikikaa kimya au kikikwaruza, omba upunguziwe bei ama uende zako.

Polysix ya Korg, ya mwaka 1981, ina ugonjwa mwingine. Betri yake ya kutunza kumbukumbu huvuja maji makali yanayokula nyaya za ubao. Muuzaji atasema, “Chafanya kazi.” Mwambie akifungue, uone ubao kwa macho yako.

Tena, vingi viliundwa kwa umeme wa volti 100 wa Japani au 120 wa Marekani. Ukikichomeka moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230 au 240, umekiunguza. Yahitajiwa transfoma ya kushusha umeme.

Kwangu mimi, anayeanza achukue Juno-106 iliyokwisha tengenezwa na fundi. Ina MIDI, ile njia ya kuunganisha vinanda na kompyuta iliyoanza mwaka 1983. Juno-60 ya mwaka 1982 haina, hudai kifaa cha kati. Aliye na fedha nyingi na asiyependa mafundi, ajue kwamba Prophet-5 ilitolewa upya mwaka 2020.

Juma lijalo tutahesabu ukubwa wa transfoma. Nakilini volti na wati zilizochapwa nyuma ya mitambo yenu, mwe nazo tayari.