Homa ya Ini Aina ya B: Vidonge Hivi Havina Likizo

Wako askari waliopimwa damu, wakaambiwa kwamba wana kirusi cha homa ya ini aina ya B, wakapewa vidonge vya kumeza kila siku, na baada ya miezi michache wakaviacha. Hawakuviacha kwa ukaidi. Waliviacha kwa sababu hawakujisikia kuumwa, na kwa fikra zao mtu asiyeumwa hana haja ya dawa. Fikra hiyo haishangazi kwa mtu aliyezoea malaria, ambayo dawa yake humezwa kwa siku tatu mambo yakaisha. Katika ugonjwa huu, hata hivyo, fikra hiyo ndiyo inayoua. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu, hasa kwa wenzetu wa jeshi na polisi walioko Gisenyi na wilaya nzima ya Rubavu, ambao maisha yao ni ya zamu, doria na uhamisho wa ghafula.

Kwanza ifahamike kirusi hiki hukaa wapi. Kikiingia mwilini huelekea kwenye ini, kikapenya hata ndani ya kiini cha seli zake, na humo huacha asili yake ambayo hakuna kidonge kilichopo leo kinachoweza kuing'oa kwa uhakika. Dawa hukizuia kisizaliane. Sisi tuliopita chuo cha makadeti tulifundishwa tofauti kati ya kumteka adui na kumzingira: aliyezingirwa yu hai bado, na siku walinzi watakapoondoka naye atatoka. Ndivyo ilivyo hapa. Mgonjwa akiacha vidonge, kirusi huanza tena kuzaliana, na katika muda wa wiki au miezi kinga ya mwili huweza kulishambulia ini lenyewe kwa ukali kuliko hapo mwanzo. Macho huwa ya manjano, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, tumbo hujaa maji, na mtu aliyekuwa gwarideni mwezi uliopita huweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo anayetaka kuacha dawa, kwa sababu yoyote ile, amwone daktari kabla ya kuacha, wala si baada yake.

Sababu nyingine ya kuacha ni aibu. Askari anaogopa chupa ya vidonge isionekane bwenini, au mkewe asije akamshuku. Ni kweli kwamba kirusi hiki hupita kwa damu na kwa kujamiiana, lakini watu wengi wenye ugonjwa wa muda mrefu katika Afrika waliupata wakiwa wachanga, kwa mama zao wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 katika 10 kirusi hubaki naye. Mtu mzima akiambukizwa, aghalabu mwili wake hukishinda.

Ushahidi wake umo katika historia ya jeshi. Mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani walidungwa chanjo ya homa ya manjano iliyokuwa imechanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na damu ile ilikuwa na kirusi. Askari karibu 50,000 walilazwa hospitali. Mwaka 1985 wataalamu walipima damu ya wale wazee waliobaki, wakakadiria kwamba walioambukizwa walifikia 330,000. Lakini waliokutwa wangali na kirusi walikuwa wachache mno, kwa kuwa wote waliambukizwa wakiwa watu wazima. Basi mwenzetu akikutwa na kirusi leo, tusiharakishe kumhukumu kwa mwenendo wake. Yamkini alizaliwa nacho. Hali kadhalika, hakiambukizi kwa kupeana mkono, kula sahani moja wala kulala bweni moja. Wembe na sindano ndivyo visivyoazimwa.

Si kila mwenye kirusi hupewa dawa. Daktari hutazama kiasi cha virusi katika damu, hali ya ini, umri na magonjwa mengine. Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti hayo Machi 2024 ili watu wengi zaidi watibiwe, na lilikuwa na haki: mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa muda mrefu, nao waliokuwa wakipata dawa walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Kabla ya kuanza, hapana budi mgonjwa apimwe pia virusi vya UKIMWI, maana dawa hizi hugusa virusi hivyo nusu nusu, na dawa moja ikitumiwa peke yake huvifundisha kuwa sugu.

Dawa inayotolewa sana ni tenofoviri, kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku. Nyingine ni entekaviri, ambayo humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Kwa askari wa zamu, saa ya kulala ndiyo nyepesi kwake. Lamivudini ya zamani imeachwa kutegemewa peke yake, kwani zaidi ya nusu ya walioitumia miaka mitano walipata virusi sugu. Mwenye kutumia tenofoviri akisahau na zisipite saa 12, na ameze akumbukapo. Zikipita, asubiri saa yake ya kawaida. Asimeze viwili kulipa deni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo twadhani linawahusu askari kuliko raia. Tenofoviri husafirishwa nje ya mwili na figo, na kwa watu wachache huweza kuzidhuru, na pengine kupunguza uimara wa mifupa. Ndiyo maana daktari huagiza damu ipimwe kriatinini mara kwa mara. Lakini askari akitoka katika matembezi marefu juu ya mawe ya volkano ya Rubavu, magoti yakimuuma, hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni dukani, akazimeza siku nyingi mfululizo. Dawa hizo nazo huzilemea figo, na zikikutana na tenofoviri hatari huongezeka. Mweleze mganga wa kikosi unatumia nini kabla hajakupa cha maumivu. Mitishamba ya kusafisha ini nayo tunaikataa waziwazi: ipo inayoliharibu ini kabisa. Kuhusu bia, twajua tunaandika habari za mji wenye kiwanda chake kando ya Ziwa Kivu, na hatutapendwa. Hata hivyo, pombe na kirusi hiki huliharibu ini kwa pamoja, na mwenye ini lililokwisha kupata makovu hana kipimo salama cha kunywa.

Uhamisho ndio mtego mkubwa. Amri hutoka jioni, na alfajiri mtu yumo garini. Chupa imebaki sandukuni. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano ya Goma yaliporusha makombora mpaka Rubavu, familia ziliondoka majumbani kwa haraka, na katika haraka ya namna hiyo dawa husahaulika kwanza. Anayekwenda Afrika ya Kati au Sudan Kusini katika ulinzi wa amani amwarifu daktari mapema, apewe akiba ya kumtosha pamoja na karatasi ya matibabu yake. Na maafande wanaopanga safari wafahamu kwamba askari anayeomba siku moja ya kwenda Hospitali ya Gisenyi kuchukua vidonge hakwepi kazi. Vidonge vikae katika chupa yake, pakavu, mbali na jua la dirisha la gari.

Mke au mume apimwe. Asiye na kirusi achanjwe, sindano tatu katika miezi sita. Mjamzito aeleze hali yake tangu kliniki ya kwanza, kwa kuwa iko dawa ya kumkinga mtoto. Rwanda iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002, hivi kwamba kuruta wa leo aghalabu ana kinga ambayo sajenti wake hakuipata. Sajenti huyo, akiwa na kirusi, na aulize kama anahitaji kupigwa picha ya ini kila miezi sita, hata kama vidonge anavimeza barabara, kwa sababu dawa hupunguza hatari ya saratani ya ini bila kuimaliza, na uvimbe mdogo ulioonekana mapema huweza kukatwa.