Unasafisha bastola nyumbani? Anza na magazini, siyo mafuta

Kuchomoa magazini hakutoshi. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inaua. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu, mpaka risasi iruke. Ukigeuza mpangilio, unatoa moja na kuingiza nyingine. Chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Wenye Glock hapa msifanye mzaha kabisa, maana haifunguki bila kubonyeza kifyatulio. Risasi zote peleka chumba kingine.

Hapo sasa piga brashi mtutu kuanzia nyuma, pitisha kitambaa mpaka kitoke safi. Mafuta matone machache tu. Ukiyamwaga yanashika vumbi, bastola inakwama.