Sindromu ya Down: Kinachopimwa Kabla ya Kuzaliwa

Mtu mwenye sindromu ya Down kwa kawaida ana kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa ile ya 21 anazo tatu. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, lakini chanzo chake hakikujulikana hadi 1959, kupitia kazi ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris. Si laana, wala haiambukizi, na mara nyingi hairithiwi: ni hitilafu katika mgawanyiko wa chembe, aghalabu katika yai la mama. Uwezekano wake hupanda kwa umri, takriban 1 katika 350 mama akiwa na miaka 35, na 1 katika 100 akifika 40. Afrika Mashariki wengi huichanganya na mtindio wa ubongo, ambao ni jambo jingine kabisa.

Vipimo viko vya namna mbili: vya kukadiria na vya kuthibitisha. Ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi ya 14, inayoangalia unene wa majimaji nyuma ya shingo ya kijusi, hukadiria. Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha damu ya mama, ambamo huelea vipande vya DNA kutoka kondo la nyuma. Ili kuthibitisha, daktari huchukua chembe za kondo lenyewe au, kuanzia wiki ya 15, huchota kwa sindano maji ya chupa ya uzazi. Mara chache hatua hiyo huharibu mimba.

Kipimo hicho cha damu kiliingia sokoni mwaka 2011, na hutangazwa kuwa hugundua zaidi ya asilimia 99 ya mimba zenye hali hii. Ni kweli, ila hesabu haiishii hapo. Wakipimwa wajawazito vijana 10,000, ambao kwao hali hii hutokea 1 katika 1,000, karibu wote 10 watagunduliwa. Lakini kipimo kikikosea mara 1 tu katika 1,000, wengine kama 10 nao wataambiwa mtoto anayo, ilhali hana. Kwa hiyo nusu ya majibu ya kutia hofu yatakuwa ya uongo. Kwa wenye miaka 40 makosa ni hayo hayo 10, dhidi ya majibu ya kweli karibu 100. Mshauri asiyemweleza mama tofauti hii hajamshauri, amemtisha.

Denmark ilianza mwaka 2004 kuwapa wajawazito wote nafasi ya kukadiriwa. Watoto waliozaliwa na hali hii walipungua kwa karibu nusu, kutoka kati ya 55 na 65 kwa mwaka hadi 31 mwaka 2005. Wengi mno wa wanaothibitishiwa huchagua kutoa mimba. Husemwa kwamba wazazi hukimbia gharama na upweke wa malezi, lakini Denmark ni miongoni mwa nchi zinazozisaidia sana familia zenye watoto hawa. Hoja ya Adrienne Asch, mwanamaadili wa Marekani aliyekuwa kipofu, inagusa zaidi: kipimo huonyesha sifa moja, nayo hufanywa ndiyo mtoto mzima. Asch hakutaka utoaji mimba upigwe marufuku. Alitaka mzazi ajue maisha yenyewe yalivyo kabla ya kuamua. Lejeune alikwenda mbali zaidi, akapinga hadi kufa kwake matumizi ya ugunduzi wake kuchuja mimba.

Kromosomu hazionyeshi mtoto atajifunza kwa kasi gani wala atazungumza vipi. Nchini Marekani wastani wa umri wa kuishi ulikuwa takriban miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa unakaribia 60, hasa kwa sababu mioyo hufanyiwa upasuaji na watoto hawafichwi tena katika taasisi.

Kenya na Tanzania sheria haziruhusu kutoa mimba kwa sababu ya kromosomu za mtoto, na watoto wengi hutambuliwa baada ya kuzaliwa: mwili mlegevu, pembe za macho zilizopanda, pengine mstari mmoja kiganjani. Hapa suala la maadili huanzia wodi ya wazazi. Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, na mkunga anayemrudisha mama nyumbani na neno "mzubaifu" bila kuagiza kipimo cha moyo amemnyima mtoto muda. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kasoro kubwa ya ukuta wa kati wa moyo kwa kawaida huhitaji kurekebishwa ndani ya miezi 6 ya kwanza; shinikizo la damu likishaharibu mishipa ya mapafu, upasuaji hausaidii tena.