Mzee Yusuf Haji: Umri Mrefu Baina ya Serikali na Nyumba Yake

Jumatatu ya tarehe 15 Februari 2021, Mzee Mohamed Yusuf Haji, Seneta wa Garissa, alifariki dunia jijini Nairobi baada ya kuugua. Siku hiyohiyo aliswaliwa na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu ya Lang'ata. Kutoka Garissa mjini hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, na aliyekuwa Masalani au Hulugho yuko mbali zaidi ya hapo. Mtu wa kule aliyepata habari asubuhi hakuwa na njia ya kuiwahi janaza. Mzee aliyezaliwa Garissa, akaiwakilisha Ijara Bungeni kwa miaka kumi na Garissa nzima katika Seneti kwa karibu miaka minane, alilazwa katika ardhi ya mbali na kwao, na wengi wa watu wake wakamswalia kwa mbali au wakabaki na dua tu.

Hatulaumu. Sunna imetufundisha kumharakisha maiti, na hadhi ya mtu haiongezeki kwa kukalishwa siku kumi akingojea wageni. Lakini tangu wakati huo tumekuwa tukiona kwamba tunamdai kitu. Waliokosa kuinua jeneza lake wana haki ya kukaa kitako na kumkumbuka, na sisi wa pwani tu miongoni mwao. Ijara inapakana na Lamu, mto Tana tunaunywa pamoja, na ng'ombe wa Garissa huteremka hadi kwenye delta kila mvua inapokatika. Hata hivyo tumezoea kuwataja jirani zetu hawa pale tu panapotokea ukame au mauaji.

Mzee Haji alizaliwa tarehe 23 Desemba 1940. Nchi aliyozaliwa iliitwa NFD, yaani wilaya za mpaka wa kaskazini, nayo ilikuwa nchi iliyofungwa. Waingereza walikuwa wameweka sheria mwaka 1926, wakaikaza kwa nyingine mwaka 1934, hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Shule zilikuwa chache mno. Mtoto aliyepata kusoma pale alikuwa kama aliyepata kisima jangwani. Wasomali wa huko walipoulizwa na tume ya mwaka 1962 wanataka nini, wengi wao walisema wanataka kujiunga na Somalia. Uhuru ukaja Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujamalizika hali ya hatari ikatangazwa katika eneo lao. Vita vya Shifta vikadumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa siku zilipotangazwa alikuwa na miaka karibu 28 zilipofutwa.

Na ni katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1960 ambapo kijana Yusuf Haji aliingia katika utawala wa mikoa, akapanda ngazi hadi akawa Mkuu wa Mkoa, cheo alichokishika kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Kwa mtu wa Garissa wa zama zile, serikali ilikuwa ni lori la askari. Mwaka 1980 watu wa mji wa Garissa walionja moto na risasi, na jina la Bulla Kartasi likabaki katika ndimi zao. Februari 1984 ikaja Wagalla, kule Wajir, ambako wanaume walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege na wengi wasirudi. Kuivaa sare ya serikali hiyo, na jioni urudi kuwa mtoto wa watu hao, si kazi nyepesi. Wako waliomwona kuwa daraja. Wako pia waliomwona kuwa mtu wa serikali tu, na hatudhani kwamba pande zote mbili zilikosea.

Tumefunzwa kuyataja mema ya wafu wetu na kuyanyamazia mabaya yao. Hatukufunzwa kusema uongo. Mzee Haji alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa katika miaka ya 1990, wakati ghasia za kikabila zilipounguza vijiji na kuwatoa watu wengi makwao, na utawala wa mkoa huo ulihojiwa vikali mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi. Hilo limo katika kumbukumbu za nchi, na hesabu yake iko kwa Asiyedhulumu. Tunalitaja kwa sababu wajukuu wanaosikia sifa tupu za babu yao, kisha wakalisikia hili nje, watatilia shaka hata zile sifa za kweli.

Mwaka 1998 aliingia Bungeni kwa kuteuliwa. Mwaka 2002 akachaguliwa mbunge wa Ijara, na mwaka 2008 akawa Waziri wa Ulinzi. Mtoto wa nchi iliyofungwa akakabidhiwa jeshi! Oktoba 2011, akiwa pamoja na Waziri Saitoti, yeye ndiye aliyetangaza kwamba Kenya itawafuata al-Shabaab ndani ya Somalia. Msomali wa Kenya kuwatuma wanajeshi kuvuka mpaka uliowagawa jamaa zake ni jambo ambalo lingetosha kuandikiwa kitabu. Mwaka 2013 akawa Seneta wa kwanza wa Garissa, na mwaka 2017 akachaguliwa tena. Alipokaribia miaka 80 aliongoza jopo la BBI lililozunguka kaunti zote 47 kuwasikiliza wananchi, na ripoti yake ikatolewa hadharani Novemba 2019. Hayo yameandikwa kwingine, na mengi yake ni siasa.

Sisi tunataka kufika Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013.

Mchana ule watu wenye silaha waliingia katika jengo la Westgate, Nairobi, wakaanza kuua. Waliouawa walifika 67. Walikuwa wakidai kwamba wanawatenga Waislamu, kana kwamba dini hii imewapa wao ufunguo wa uhai wa watu. Mmoja wa watoto wa Mzee Haji, Noordin, mtu wa kazi za usalama, alikuwa ndani. Alimpelekea ndugu yake Abdul ujumbe wa simu kwamba amekwama, na akamwomba amuombee. Abdul ni mfanyabiashara, si askari. Alikuwa na bastola anayoimiliki kihalali. Dua alimuombea, bila shaka, lakini hakuishia hapo. Aliendesha gari hadi Westgate, akaungana na polisi wachache waliovaa kiraia na wahudumu wa Msalaba Mwekundu, wakaingia na kuwatoa watu, sakafu hadi sakafu.

Kuna picha ya siku ile iliyoizunguka dunia, iliyopigwa na Goran Tomasevic wa shirika la Reuters. Mwanamke alikuwa amejificha na watoto wake wa kike, na hawangeweza kubebwa wote kwa pamoja. Basi akaombwa amwachilie mkubwa, wa miaka minne, akimbie peke yake. Picha inamwonyesha mtoto yule anakimbia katika ukumbi mtupu, na mkono wa Abdul umenyooshwa kumpokea. Hawakuwa wa kabila lake, wala wa nchi yake, wala wa dini yake. Noordin naye akatoka salama.

Hatukuwa nyumbani kwa Mzee siku hiyo, wala hatutadai kujua moyo wake ulikuwaje. Alikuwa na miaka 72. Miezi michache tu nyuma yeye ndiye aliyekuwa akishika wizara iliyokuwa vitani na watu haohao. Sasa watoto wake wawili walikuwa ndani ya jengo moja, mmoja kwa bahati mbaya na mwingine kwa hiari yake. Tunajua tu kwamba ni wazazi wachache wanaojaribiwa namna hiyo kwa saa moja, na wachache zaidi wanaojibiwa kama alivyojibiwa yeye. Mtoto hawezi kufundishwa jambo lile katika saa ileile. Lazima alikuwa amelibeba tangu nyumbani, pengine bila hata baba kujua kwamba ameliweka.

Mwaka na nusu baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, balaa ilifika Garissa kwenyewe. Watu 148 waliuawa katika chuo kikuu, wengi wao wanafunzi waliokuja kutoka mikoa mingine kusoma kwa amani. Seneta wa mji huo uliofiwa na wageni wake alikuwa ni yeye.

Wasomali humwita baba aabo, na babu humwita awoowe. Sisi tunasema baba, na tunasema babu. Katika madrasa mtoto wa darasa la kwanza hufunzwa kwamba amali ya mtu hukatika akifa isipokuwa mambo matatu, na la tatu ni mtoto mwema anayemuombea. Noordin alikuwa amekwisha kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma tangu 2018, baba yake akiwa hai, na mwaka 2023 akakabidhiwa idara ya ujasusi. Abdul alirithi kiti cha Seneti mwaka 2021 bila kupingwa. Ndimi za watu zikasema mengi juu ya nyumba moja kushika vyeo vingi, na wana haki ya kusema, maana vyeo ni amana na amana huulizwa. Lakini hadithi ile haikutaja vyeo. Imetaja dua, na siku ile ya Westgate mtoto mmoja aliombwa dua, akaitoa mbio, bastola kiunoni.

Ewe Mola, mrehemu Mzee Yusuf Haji, umsamehe alipoteleza, uwasamehe na waliodhulumiwa katika zama zake na zetu, na ulinyunyizie mvua kaburi lake kule Lang'ata na malisho ya watu wake kule Ijara. Amin.