Hukmu ya Supu ya Kaa kwa Mgeni Safarini

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Watu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero wanamjua kaa wa maji baridi, anayechimba mashimo kwenye kingo za mito. Huko Vietnam, nchi ya mpunga kama Kilombero, kaa wa namna hii huokotwa mashambani, hutwangwa pamoja na magamba, maji yake huchujwa na kuchemshwa hadi nyama igande na kuelea. Kisha humiminwa juu ya tambi za mchele na nyanya. Supu hiyo huitwa bún riêu. Tangu mwaka 2015, kampuni ya Viettel ya huko ilipoanza kutoa huduma za simu nchini kwa jina la Halotel, Vietnam si nchi ngeni masikioni mwetu. Basi Muislamu wa Ifakara akisafiri huko na kuwekewa bakuli hilo, afanye nini?

Tuanze na kaa mwenyewe. Katika Surat al-Maida, aya ya 96, Allah (S.W.) ametuhalalishia mawindo ya bahari. Asiseme mtu kwamba mto haumo: Surat Fatir, aya ya 12, imeyaita maji matamu na maji ya chumvi yote mawili "bahari", na ikataja kuwa twala nyama laini kutoka kila moja. Kwa hiyo Mto Kilombero umo.

Khitilafu ya maulamaa imekuja kwa sababu kaa huonekana majini na nchi kavu. Mahanafi hawahalalishi cha majini isipokuwa samaki. Imam Malik ameruhusu, na Imam Ahmad hakuona ubaya kwa kaa, kwani hana damu itiririkayo. Ama sisi Mashafii, Imam Nawawi katika Minhaj amemuweka kaa pamoja na chura katika viishivyo bara na majini, navyo ni haramu. Lakini katika al-Majmu' amesahihisha kuwa wanyama wa baharini wote ni halali ila chura.

Tunavyoona sisi, aliyesoma Minhaj akamwacha kaa wa mpunga ameshika lililo salama, kwani kaa huyu hutembea nchi kavu kuliko yule wa baharini, na ile sababu iliyotajwa inamgusa zaidi. Anayefuata Malik au Ahmad asikemewe, wala wasigombane watu msikitini kwa jambo ambalo maimamu wamelitofautiana.

La kusikitisha ni kuwa mjadala wetu huishia hapo, hali jambo zito liko ndani ya bakuli. Mara nyingi supu hii hutiwa vipande vya damu ya nguruwe iliyogandishwa, na pengine nyama yake pia. Hapa hapana khitilafu ya madhehebu: damu iliyomwagika na nyama ya nguruwe zimeharamishwa kwa nassi ya Surat al-An'am, aya ya 145. Wala haitoshi kuvitoa vipande kwa kijiko, kwani mchuzi umeshanajisika. Mtu anaweza kushinda katika hoja ya kaa akala najisi.

Na chombo je? Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vyombo vya Ahlul-Kitabi, akaelekezwa kuwa asipopata vingine avioshe na avitumie. Kwa nguruwe, madhehebu yetu yanataka kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Inapendeza kujua kuwa Waislamu wengi wa Kicham, kusini mwa Vietnam, ni Mashafii kama sisi. Mji wa Ho Chi Minh una msikiti uliojengwa mwaka 1935, na karibu yake mna mikahawa ya chakula cha halali. Aliye karibu aanzie huko.

Asiye karibu aulize kabla supu haijapakuliwa: mna damu? mna nguruwe? sufuria ni ile ile? Jibu likiwa baya, au lisipoeleweka, akatae kwa upole. Mtume (S.A.W.) alipoandaliwa kenge wa jangwani aliacha kula, akaeleza kuwa hakumzoea katika ardhi ya watu wake, wala hakumkaripia Khalid bin Walid (R.A.) aliyekula mbele yake. Mgeni aombe wali mweupe na matunda, na mwenyeji wake asivunjike moyo. Wallahu aalam.