Uswidi, nchi isiyo na SMIG: mgomo wa Tesla waonyesha nani anapanga mishahara

Tarehe 27 Oktoba 2023, mafundi wa magari katika garaji za Tesla nchini Uswidi waliacha kazi. Dai lao kubwa halikuwa nyongeza ya pesa. Walitaka kampuni ya tajiri Elon Musk itie saini mkataba wa pamoja na sendika yao, IF Metall. Miaka miwili baadaye, mgomo huo ulikuwa bado haujaisha.

Sababu ni kwamba Uswidi haina SMIG. Hakuna sheria wala amri ya serikali inayosema mfanyakazi alipwe angalau kiasi gani. Denmark ni vilevile. Mishahara hupangwa mezani kati ya sendika na mapatroni, sekta kwa sekta. Nchini Uswidi, msingi wa desturi hiyo uliwekwa na mapatano ya mwaka 1938 yaliyosainiwa Saltsjöbaden, karibu na Stockholm, baada ya miaka mingi ya migomo mikali. Leo karibu wafanyakazi 9 kwa 10 wanalindwa na mikataba ya namna hiyo.

Kwa hiyo kampuni inayokataa kusaini haivunji sheria. Lakini sheria hiyohiyo inawaruhusu wafanyakazi wengine kugoma ili kuwaunga mkono wenzao. Wafanyakazi wa bandari walikataa kupakua magari ya Tesla, na wale wa posta wakakataa kupeleka plaki za namba. Sendika za Denmark na Norwe nazo zikajiunga.

Tesla inajibu kwamba masharti inayowapa wafanyakazi wake ni sawa na yale ya mkataba, au hata bora. Sendika inaona hatari nyingine: kampuni moja kubwa ikifaulu kukaa nje, nyingine zitafuata, na hakuna SMIG ya kuwakinga wafanyakazi.

Mzigo wa kodi pia ni mkubwa. TVA ya kawaida ni 25 kwa mia. Juu ya mshahara, patroni huongeza mchango wa karibu 31 kwa mia kwa ajili ya pensheni, bima ya ugonjwa na huduma nyingine. Mfanyakazi naye hulipa kodi ya manispaa, kwa wastani karibu 32 kwa mia ya mapato yanayotozwa.

Lakini raia anaona pesa inakokwenda. Shule ni bure, pamoja na chakula cha mchana, na wazazi hugawana siku 480 za likizo yenye malipo kwa kila mtoto.

Wenye biashara nao hawakusahaulika: kodi ya faida ya kampuni ni 20,6 kwa mia tu, na kodi ya urithi ilifutwa zamani.

Mfumo huu unasimama juu ya kukubaliana. Katika garaji za Tesla, upande mmoja umekataa kukaa mezani.