Wekundu wa Wimbi Si Damu

Hapa kwetu Kitale mtu akipungukiwa na damu, jirani hakosi kusema, "Mpikieni uji wa wimbi, si mnaona vile ni mwekundu?" Mwaka jana dada yangu mdogo alipimwa kliniki, ikaonekana damu yake ni kidogo. Mama akawa anampa uji wa wimbi asubuhi na jioni. Nami nikajiuliza, je, wekundu ule ni damu kweli?

La hasha! Wekundu wa wimbi hutoka kwenye ganda lake. Humo mna kemikali ziitwazo polifenoli. Baadhi yake ni tanini, ambazo zimo pia katika majani ya chai na huyafanya kuwa makali mdomoni. Wimbi jeupe lina tanini kidogo tu. Shayiri nayo, ile inayolimwa Timau na Mau Narok, ina polifenoli katika maganda yake.

Polifenoli zina faida gani? Sote tunajua kwamba mafuta yakikaa wazi siku nyingi huharibika na kunuka kwa sababu ya oksijeni. Hata mwilini, oksijeni huzaa chembe kali zinazoshambulia seli zetu. Polifenoli huzipa chembe hizo elektroni, zikatulia. Ndiyo maana zinaitwa antioksidanti. Isitoshe, wimbi ni dogo mno, hivyo husagwa pamoja na ganda lake. Unga wa mahindi mweupe wa dukani umekwisha kuvuliwa ganda. Tena gramu 100 za wimbi zina kalsiamu karibu miligramu 340, na mahindi hayafikii hata 30.

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Tanini hushika madini ya chuma, na chuma ndicho mwili unachotumia kutengeneza damu. Nilitumbukiza msumari wenye kutu katika chai ya rangi. Kesho yake chai ilikuwa nyeusi kama wino! Chuma kilikuwa kimeshikwa na tanini. Hata tumboni, chuma kilichoshikwa hivyo hakiingii damuni vizuri.

Basi tufanyeje? Nyanya zetu walijua dawa yake, ingawa hawakusoma Kemia. Waliotesha wimbi likawa kimea, au waliuchachusha unga kabla ya kupika. Njia hizi hupunguza nguvu ya tanini. Ukikamulia ndimu kwenye uji, vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na chai usinywe pamoja na chakula, ngoja kwanza.

Dada yangu alimaliza dawa za kliniki, na mama sasa anapika uji mchachu. Kazi ya kukamua ndimu nimeachiwa mimi.

Wenzangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tusilidharau wimbi letu, lakini pia tusidanganywe na rangi yake. Mgonjwa wa damu apelekwe kliniki kwanza, uji ufuate.